Nimefika Kazini Nikiwa Marehemu

Jamani, leo nimeaibika mpaka aibu yenyewe imenionea huruma. Na wewe unayeandika "hahaha" kabla hujasoma, acha. Nakujua.

Nyie wa Shanwe mnanifahamu. Kwa wageni wa humu: mimi ni Mwalimu Leokadia, nafundisha darasa la pili kwenye shule moja huko kata ya Kasekese, na nalala Shanwe, hapa Mpanda mjini. Ndiyo, kila siku ya kazi naenda na kurudi. Usafiri wa ile njia mnaujua. Kuna Noah moja ya alfajiri. Ikijaa, imejaa. Ikiharibika, mnaangaliana. Baada ya hapo ni wewe na Mungu na lifti. Nimeshapanda lori la mahindi. Nimeshapanda trekta. Nimeshapanda gari lililobeba mizinga ya nyuki (mizinga ilikuwa mitupu, ila nyuki wawili hawakuambiwa).

Kwa hiyo nachelewa. Sikatai. Nikifika pale getini, wa kwanza kunipokea ni Mama Kulwa, yule mama anayeuza maandazi chini ya ukuta wa shule. Msukuma yule mama, sauti yake haijui kunong'ona. "Mwalimu, umechelewa tenaaa!" Shule nzima inasikia. Halafu ananipa andazi la baridi. Kila siku andazi la baridi! Mimi nilikuwa nasema moyoni, huyu mama ana roho mbaya, wenzangu anawapa ya moto.

Sasa jana Mwalimu Mkuu wangu, Mzee Sospeter, akaniita ofisini. Huyu mzee akikasirika hapandishi sauti, anavua miwani. Akavua.

"Mwalimu Leokadia. Kila siku gari, gari, gari. Kesho ni Ijumaa. Ukifika baada ya kengele, Jumatatu unahamia nyumba ya walimu, hapa hapa shuleni. Sitaki kusikia neno."

"Lakini Mwalimu Mkuu..."

"Hilo tayari ni neno."

Nyumba ya walimu! Naijua ile nyumba. Chumba kitupu, sakafu na ukuta, na popo wenye familia zao juu ya dari. Mimi niache umeme wangu, feni yangu, jirani yangu wa chipsi, nikalale na popo? Usiku nikawaandikia humu humu, na msije mkajifanya mmesahau: "Kule sina mtu. Hata nikifa hakuna wa kunitolea chozi." Mkaniwekea emoji za kulia. Asanteni. Hayo maneno yangu yashikilieni, tutayahitaji mbele.

Basi leo nimedamka kweli. Nimefika stendi giza halijatoka vizuri, nikasema leo kengele itanikuta nimeshakaa. Naangaza huku na huku, Noah haipo.

"Imeshaondoka," akaniambia mama wa uji. "Imekodiwa na watu wa harusi."

"Harusi Ijumaa asubuhi?"

"Mwalimu, mimi nauza uji."

Sikumwaga machozi. Nimetembea mpaka pale lami inapoishia na vumbi linapoanza, nikasimama kusubiri lifti. Na hapa lazima niwaambie ukweli mmoja kuhusu mimi. Mimi ni mtu wa kuota. Nikisimama mahali penye utulivu, akili inaondoka yenyewe bila kuaga. Na asubuhi ya leo ilikuwa tulivu kupita kiasi. Miombo ndiyo inatoa majani mapya kabla ya mvua, yale mekundu mekundu, na jua lilikuwa linapita katikati yake polepole. Vumbi la jana bado limening'inia hewani, halitaki kushuka. Kuna ndege alikuwa anaita mbali, ananyamaza, anasubiri jibu. Nikajikuta na mimi nasubiri jibu lake. Bodaboda mbili zimenipita hapo sikuziona (nimekuja kukumbuka sasa hivi naandika).

Kilichonizindua ni toyo ya Baba Swaumu. Toyo ni ile pikipiki ya matairi matatu yenye bodi la mizigo nyuma. Baba Swaumu ni yule mzee mwenye duka karibu na msikiti, siku moja moja anapeleka bidhaa vijijini. Mtu mpole, mcha Mungu, na masikioni ana waya za simu muda wote, anasikiliza mawaidha.

"Shikamoo Baba Swaumu."

Akatoa waya mmoja. "Marahaba mwalimu. Limekuacha tena?"

"Limeniacha. Nisaidie baba yangu, leo nikichelewa nahamishwa."

"Panda. Lakini nyuma nina mayai ya watu, na godoro jipya la mteja. Ukae kwa adabu. Na mwendo wangu leo ni wa mayai, usinihimize."

Nikapanda. Nieleze vizuri kilichokuwemo, maana kesi yote iko hapo. Godoro limelazwa katikati ya bodi, bado na nailoni yake. Pande zote mbili trei za mayai zimepangwa, zimebanwa na nguo kuukuu. Chini kuna mbao za kitanda, ndefu, zimetokeza mbele na nyuma, na kwa kuwa Baba Swaumu ni mtu wa sheria, amefunga kitambaa chekundu mbele na kingine nyuma ili watu wazione. Taa ya mbele inawaka. Inawaka mchana kutwa, swichi imekufa tangu Ramadhani. Na mwendo ni ule wa mayai.

Nyie wenye akili mmeshaanza kuunganisha. Mimi nilikuwa na usingizi.

Mwanzoni nilikaa kwa adabu, pembeni kabisa ya godoro, mkoba mapajani. Halafu toyo ikaanza kubembea. Halafu nikaegemea kidogo. Jamani, lile godoro! Mtu aliyelala juu ya godoro lililochoka kwa miaka, ukimlaza juu ya jipya, unategemea nini? Nikajinyoosha. Vumbi likaanza kuniingia puani. Nikafungua mkoba, nikatoa kile kitambaa cha meza ya ofisi ya walimu, nilikuwa nimekichukua nikakifue nyumbani. Kipana, cheupe pe, kimepigwa pasi (kule hakuna umeme wa pasi, mnaona umuhimu wa Shanwe). Nikajifunika. Kuanzia vidole vya miguu mpaka utosini.

Usingizi haukubisha hodi.

Nikaota niko juu ya mto Katuma. Siyo ndani ya maji, juu yake, nimelala chali kwenye mkeka na mkeka unakwenda taratibu bila kuzama. Viboko wamepanga foleni wametoa masikio tu, wananisindikiza. Hakuna anayenifokea. Hakuna kengele. Maji yanasema shhh, shhh, na mimi najua kabisa kwamba popote ninapokwenda nimeshafika kwa wakati.

Nikafumbua jicho kidogo. Kitambaa kilikuwa kimesogezwa na upepo, kikaacha upenyo usawa wa shavu. Nikaona majani mekundu yanapita juu. Nikaona mtu mwenye baiskeli ya magunia ya mkaa. Anashuka. Anaiegemeza baiskeli. Anavua kofia, anaishika kifuani, anainamisha kichwa.

Nikasema, eh! Kumbe watu wa huku wana heshima hivi kwa walimu. Nikalala tena.

Sasa ndoto ikanoga. Nimepandishwa cheo! Nimekuwa afisa elimu, nimekuja kukagua shule kwa njia ya mto, na kandokando watu wanavua kofia. Akina mama waliokuwa wanalima wanaacha majembe, wanachuchumaa. Wengine wanafunga khanga kiunoni, wanafuata nyuma. Mzee Sospeter yuko ukingoni amevua miwani, safari hii kwa woga. Nikampungia mkono. Kwa mbali naanza kusikia watu wanaimba, sauti nzito, ya chini, ya kanisani. Nikasema wamenitungia na wimbo. Nikatabasamu.

Katikati ya hapo nilisikia bodaboda inapunguza mwendo pembeni yetu. Haya mazungumzo niliyasikia kama redio ya jirani, na Baba Swaumu amenithibitishia baadaye kwamba yalikuwepo kweli.

"Mzee, nani huyo?"

"Mwalimu wa Kasekese. Yule wa darasa la pili."

"Mama yangu! Yule mwembamba?"

"Huyo huyo."

"Pole sana mzee wangu."

"Nimeshapoa, ndiyo kazi zetu. Barabara mbaya hii."

"Barabara imemaliza watu!"

"Imemaliza hasa," akasema Baba Swaumu, akarudisha waya sikioni.

Bodaboda ikachomoka kwa kasi kuelekea mbele. Na habari mbaya, kama mnavyojua, haihitaji lifti.

Sijui tumesafiri muda gani baada ya hapo. Ninachojua ni kwamba kubembea kulikoma. Kimya. Kimya kile cha watu wengi. Jua lilikuwa linapenya kwenye kitambaa, kila kitu cheupe, na mimi nimeelea katikati ya huo weupe bila hamu ya kuwa mahali pengine popote. Nikasikia mtu anamwambia Baba Swaumu, "Karibu mzee, kaa hapa kwenye kiti, umebeba mzigo mzito." Baba Swaumu akajibu, "Kweli mzito, hasa zile mbao." Wakampa uji. Yeye akajua huo ndio ukarimu wa Kasekese, akakaa, akanywa.

Kisha mtu akasema, "Asifunuliwe mpaka mwenyekiti wa kijiji afike."

Nani asifunuliwe? Nikaanza kuamka, lakini kwa mafungu. Kwanza masikio. Miguu ilikuwa bado imekufa ganzi. Nikasikia Mzee Sospeter anakohoa, kile kikohozi chake cha mstarini.

"Watoto wangu. Wazazi. Walimu wenzangu. Jana tu alikuwa hapa. Jana tu."

Nikawaza, masikini, kuna msiba. Nani tena huyo? Na mimi nimekuja bila hata khanga.

"Mwalimu Leokadia alikuwa hazina."

Nikawaza, Leokadia gani?

"Wa darasa la pili."

Leokadia ni mimi. Darasa la pili ni mimi! Nikaanza kupanga kichwani: godoro, kitambaa cheupe, vitambaa vyekundu na taa inayowaka mchana kama gari la msiba, mwendo wa mayai, watu wanashuka kwenye baiskeli. Mungu wangu. Nimeletwa shuleni nikiwa maiti.

Sasa mtu mwenye akili timamu angefanya nini? Angekaa kitako na kusema jamani mimi mzima. Nami nilitaka. Nilishavuta pumzi. Lakini Mzee Sospeter akaendelea.

"Sijawahi kuona mwalimu anayewapenda watoto wadogo kiasi kile. Watoto wake wa darasa la pili wanasoma kuliko wa darasa la nne. Hilo sikuwahi kumwambia."

Nikaiachia ile pumzi polepole.

Jamani, nihukumuni taratibu. Nani kati yenu ameshawahi kusifiwa na mwalimu mkuu? Mimi kwa huyu mzee nimesikia "hilo tayari ni neno" na "gari, gari, gari". Leo ananiita hazina! Nikajisemea, sentensi moja tu. Nisikilize sentensi moja zaidi, halafu nafufuka.

"Alikuwa na sauti nzuri ya kuimba."

(Moja tena.)

"Alikuwa msafi."

(Hiyo ni kweli, moja ya mwisho.)

"Na alikuwa mwalimu mwenye kuwahi kazini."

Halafu sauti ndogo, naijua, ya Pili, mtoto wa dawati la mbele darasani kwangu, yule asiyeweza kunyamaza hata kwa dawa:

"Mwalimu Mkuu, si alikuwa anachelewa kila siku?"

"Nyamaza Pili. Marehemu hasemwi vibaya."

Nikatabasamu. Sikuweza kujizuia. Niko pale chini ya kitambaa, miguu ina ganzi, mwanga mweupe umenizunguka, na mimi ni mwalimu mwenye kuwahi. Kama huko ndiko kufa, nikasema, basi kufa tumekusingizia.

Kisha sauti ya Mzee Sospeter ikakatika. "Jana nilimgombeza," akasema. "Nilimwambia ahamie hapa, nikamwambia kama adhabu. Sikujua kumwambia vizuri. Nilikuwa naiogopa ile barabara. Kila asubuhi nikisikia hajafika, naiogopa ile barabara." Nikasikia anavuta kamasi. Mzee Sospeter! Kamasi!

Hapo tabasamu likaniisha. Nikasema sasa inatosha, naamka.

Nikachelewa. Kama kawaida yangu.

Maana Mama Kulwa alikuwa amefika. Nilimsikia kabla sijamwona, na hata wafu wa kweli wangemsikia. "Mayo wee! Ng'wanawane! Mwanangu! Kila asubuhi namwekea andazi la kwanza kutoka kwenye karai! La kwanza! Anafika limepoa, mimi sijawahi kumpa mtu mwingine! Leo nimeweka tena! Nani atakula andazi la Leokadia?"

Jamani.

Kumbe lile andazi la baridi lilikuwa ndilo la moto. Lilikuwa linanisubiri mimi. Nikiwa pale chini ya kitambaa, machozi yakanitoka yenyewe, yakaanza kuteremka kuelekea masikioni. Najililia msiba wangu mwenyewe!

Na Mama Kulwa hakuishia kulia. Mnajua akina mama wetu kwenye msiba. Alijitupa. Mzima mzima, na mwili wake Mungu hakumpimia kwa kibaba, akajitupa juu ya toyo. Mkono mmoja ukanikumbatia. Mwingine na goti vikatua kwenye trei za mayai.

Kraaash.

Nikasikia ubaridi unanipita mgongoni. Baba Swaumu, aliyekuwa bado na uji mkononi, akachomoa waya zote mbili masikioni, akapaza sauti: "Innalillahi!"

Akina mama wakaitikia kwa kilio kipya. Wakajua mzee naye sasa uchungu umempata.

"Innalillahi! Mayai! Mayai yangu!"

Yai lilikuwa limeshaingia kwenye kola. Lingine linatambaa nyuma ya sikio. Nikasukuma kitambaa, nikakaa kitako. Na nyie mnajua mdomo wa mtu aliyezoea jambo. Nilikusudia kuwaambia niko mzima. Lakini nilipomwona Mzee Sospeter mbele yangu, shule nzima imepanga mstari, mdomo ukasema kile unachosema kila siku mbele ya watu wale wale:

"Samahani kwa kuchelewa. Ni gari."

Mlishawahi kuona kijiji kinaondoka? Mimi nimeona. Kilio kilikatika katikati ya pumzi. Wanaume walioshika kofia kifuani walizitupa. Walimu wenzangu watatu walipita kwenye mlango mmoja kwa mara moja, mlango ambao siku zote wanalalamika ni mwembamba. Mzee Sospeter aliingia darasa la kwanza kwa dirisha. Kwa dirisha! Miaka yake ile! Mama Kulwa peke yake hakukimbia, kwa sababu alikuwa amezimia juu ya miguu yangu, na mimi kwa ganzi sikuweza hata kumsogeza.

Uwanja mzima tulibaki mimi, Mama Kulwa, Baba Swaumu anayehesabu hasara yake kwa huzuni, na darasa la pili. Watoto wangu hawakukimbia. Walisimama pale pale na mistari yao imenyooka, wananiangalia. Uso wangu ulikuwa mweupe kwa vumbi, nywele zina yai, na shavuni alama ya udenda wa usingizi mpaka kidevuni.

"Shikamoo mwalimu," wakasema kwa pamoja, kama nilivyowafundisha.

"Marahaba watoto."

"Mwalimu, una udenda."

"Ahsante Pili."

Watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, kwa kunyata. Wakanigusa bega kwa fimbo kwanza. Mama Kulwa akazinduka, akanitazama, akanipiga kofi la mgongo, akanikumbatia, akanipiga lingine. Baba Swaumu akaeleza habari ya mbao, taa na mayai. Watu wakaanza kucheka kwa aibu, na mimi nikasema afadhali, nimepona. Tutasema wote tulikosea, yataisha.

Mzee Sospeter akatoka darasa la kwanza (safari hii kwa mlango), anajipangusa magoti. "Mwalimu Leokadia, pole sana. Kumbe ulikuwa umelala fofofo, hukusikia lolote."

"Sikusikia lolote, Mwalimu Mkuu," nikasema. "Hata moja. Ndiyo kwanza mayai yameniamsha."

Nilisema kwa sauti ya unyenyekevu kabisa. Ningeshinda. Nawaambia, nilikuwa nimeshashinda.

"Mwalimu," akasema Pili, na sauti yake ilifika mpaka barabarani, "mimi nilikuona pale kwenye upenyo. Mwalimu Mkuu aliposema wewe ni msafi ulitabasamu. Aliposema unawahi ukatabasamu mpaka meno."

Kijiji kizima kikanigeukia.

Nimeaibika mara nyingi maishani. Nimewahi kuvaa sketi nje ndani nikaenda nayo mpaka benki. Lakini leo, watu waliotoka kunililia wananiangalia, na yai linachuruzika... Niliomba ardhi ipasuke. Ardhi ya kule kiangazi imejaa nyufa, hakuna hata moja iliyosogea.

"Ulikuwa macho?" akauliza Mzee Sospeter. Taratibu, mkono ukaenda kwenye miwani.

"Kidogo," nikasema.

Akavua. Nikajua basi, Jumatatu popo. Lakini akaifuta ile miwani kwa shati, akaifuta muda mrefu, na nikaona macho yake bado mekundu. Yule mwenyekiti wa kijiji, ambaye ndiyo kwanza anafika na baiskeli anahema, akasema, "Sasa jamani, mwalimu huyu leo kachelewa au hajachelewa?"

Kukazuka baraza hapo hapo. Mmoja anasema jua liko wapi. Mwingine anasema lakini kengele haijagongwa, Mwalimu Mkuu mwenyewe alizuia isigongwe kwa ajili ya msiba. Na agizo lilikuwa kufika kabla ya kengele. Wakamwangalia Mzee Sospeter.

Akafikiri. Haki yake nampa, mzee ni mtu wa neno lake.

"Kengele haijagongwa," akasema. "Amewahi. Abaki na Shanwe yake."

Nimeshinda! Jamani, nimeshinda! Feni yangu, chipsi zangu! Nikafungua mdomo nishukuru, na hapo Baba Swaumu akaanza kushusha mzigo. Akashusha mbao za kitanda. Akavuta lile godoro, upande mmoja ukining'inia ute wa yai, akasema:

"Mwalimu Mkuu, mzigo wenu huu. Godoro na kitanda vya nyumba ya walimu. Mnisamehe, nailoni imechanika kidogo, limeingia yai."

Nikamwangalia Mzee Sospeter. Akaangalia chini. Ni Mama Kulwa aliyejibu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alisema kwa sauti ndogo.

"Tulichanga sisi akina mama, tangu Mwalimu Mkuu alipotudokeza. Tukasema mtoto wa watu akihamia akute pa kulala. Chumba tumeshakipiga chokaa. Popo tumewatoa." Akajifuta uso kwa khanga. "Basi, kama umewahi, umewahi. Baba Swaumu atalirudisha."

Kwa hiyo mnaona. Nilikuwa nimetoka mjini mpaka kule nimelala juu ya godoro langu mwenyewe, naota nimefika.

Baba Swaumu akainama alipandishe tena. Nikasikia mdomo wangu unasema, na safari hii haukuwa ule wa mazoea: "Liacheni. Limeshaingia yai, dukani hawatalipokea."

Mama Kulwa alikwenda kwenye karai lake, akarudi na andazi kwenye karatasi. Lilikuwa limepoa, wakati wa msiba nani anachunga moto. Nimelila lote nimesimama pale pale, yai linakaukia shingoni, na sijawahi kula andazi tamu kama lile. Halafu Mzee Sospeter akarudisha miwani usoni, akaagiza kengele igongwe, akanipita bila kuniangalia akisema, "Darasani, mwalimu. Wafu wameshapumzika vya kutosha."

Baba Swaumu amenirudisha jioni hii nichukue vitu vyangu. Nimekaa mbele, pembeni yake, macho kodo, kitambaa nimekikunja mkobani. Godoro limeanikwa juani kule, mgambo wa kijiji analilinda dhidi ya mbuzi. Jumatatu kengele itanikuta nipo, sina hata kisingizio kilichobaki.

Sasa naombeni mtu asicheke. Nimewaona mnavyoandika. Jana niliposema nikifa hakuna wa kunililia, nyie mliniwekea emoji. Wale wamelia.